Visigino vya Kilonzo

Mkenya akikwambia hajala, muulize kama amekunywa chai. Nyinyi vijana mnaoanza kazi ya maabara mtacheka, lakini mimi nimetoa watu damu miaka thelathini na minne na sijakutana na mtu wa mitaa ya Eastlands anayehesabu chai kuwa chakula. "Umekuja tumbo tupu?" Tupu kabisa, daktari. "Hata chai hukunywa?" Ah, chai nilikunywa. "Na mandazi?" Mawili tu, ya kusindikiza chai. Huyo ndiye mwenye tumbo tupu, na chai yenyewe imepikwa kwa maziwa hadi inashika kijiko.

Mimi ni Mama Njeri. Pale mtaani Donholm watoto waliniita Mama Damu, na wakiniona na koti langu jeupe walificha vidole nyuma ya mgongo. Binti ya dada yangu, ambaye yuko mwaka wa pili chuoni, ameniomba niwaandikie yeye na wenzake mambo ya kazi. Akisoma atasema nawafundisha kushuku watu. Ndiyo, nawafundisha. Mtu wa maabara asiyeshuku afadhali akauze nyanya, maana nyanya ikioza hata mteja ataiona.

Kushuku nilifundishwa na Mzee Barasa, mkubwa wangu katika maabara ya kwanza niliyofanya kazi. Alikuwa mtu mfupi, mkali, na alinusa kila chupa kabla ya kuifungua. Siku zile tulinyonya damu kwa mdomo kwa mrija wa kioo, tukisimamisha pumzi isije ikapanda hadi ulimini. Siku moja ikapanda. Nikatema, nikalia, na Barasa akaniletea maji ya chumvi akasema, "Sasa wewe na yule mgonjwa ni ndugu. Nenda umsalimie." Nyinyi mna vifaa vya kubonyeza kwa kidole, mshukuru Mungu.

Barasa alikuwa na gazeti kuukuu kwenye droo ya meza yake. Damu ikishazungushwa kwenye mashine, zile chembe nyekundu hukaa chini na juu hubaki maji ya manjano. Alichukua ile tyubu, akaiweka mbele ya gazeti, akasoma kupitia yale maji. Maandishi yakisomeka, aliendelea. Yakiwa na ukungu kama uji mwepesi, alisema, "Huyu amekunywa chai," na kumrudisha nyumbani. Ukungu ule unazuia mwanga ndani ya mashine ya kipima-rangi, nayo inauhesabu kana kwamba ni ugonjwa. "Mashine haioni haya kusema uongo," Barasa aliniambia. "Wa kuona haya ni wewe."

Mara moja alinionyesha mgonjwa mmoja, mwalimu mwembamba, akamgeuza na kunishikisha mshipa wa nyuma ya kisigino, si wa damu bali ule wa kuvutia unyayo. Ulikuwa mnene, na una vinundu vigumu kama mbegu za fenesi chini ya ngozi. Kisha akanionyesha tyubu yake. Gazeti lilisomeka hadi herufi ndogo, na bado mafuta ya damu yalikuwa juu ajabu. "Huyu hakunywa chai," akasema. "Huyu amezaliwa hivyo." Nikaandika kwenye daftari langu, nikasahau.

Basi, tuje Donholm, miaka ya tisini. Nilikuwa nimeacha kazi ya serikali nikaajiriwa kwenye kliniki ndogo, chini ya fleti, karibu na barabara ya Outer Ring. Mwenyewe alikuwa Daktari Mbugua, mtu mpole aliyevaa tai hata wakati wa jua kali. Tulipima malaria, choo, mimba na sukari. Mafuta ya damu, yaani kolesteroli, tulipima labda mara moja kwa mwezi, na aliyepimwa alikuwa mtu mwenye gari.

Halafu akaja Felix. Alikuwa kijana wa kampuni ya dawa, ana mkoba mweusi na viatu vya kung'aa katika mtaa wenye vumbi, na alinisalimia "Sasa mathe" kana kwamba nimemnyonyesha. Alileta saa ya ukutani yenye jina la dawa, kalenda yenye jina la dawa, na kalamu zenye jina la dawa. Dawa yenyewe ilikuwa ya kundi la statini, mpya mpya, ya kushusha mafuta ya damu, na mtu alitakiwa kuimeza kila jioni maisha yake yote. Maisha yote. Nilipolisikia hilo nilimtazama Felix kuanzia viatu hadi kichwa.

Baada ya wiki mbili akaleta na mashine. Ndogo tu, kama redio, unachoma kidole, unadondosha tone, na namba inatokea. Akasema tuitumie bure. Nikamwambia daktari, "Mtego wa panya nao huwekwa nyama bure." Daktari akacheka. Tangu siku hiyo karibu kila aliyepita miaka arobaini aliyekuja kwetu, hata kwa kikohozi, alichomwa kidole, na wengi wao namba zao zilikuwa juu. Wanakuja asubuhi wametoka kwenye chai, wanachomwa, namba iko juu, wanaandikiwa dawa. Nikaona mchezo wote. Au nilidhani nimeuona.

Angalieni kosa langu lilipoingilia. Kile kimashine kilimeza tone zima. Hapakuwa na tyubu, hapakuwa na maji ya manjano, na gazeti la Barasa nililokuwa nimerithi lilibaki kwenye droo. Sikuwa na cha kuangalia, na badala ya kuudhika na hilo nikaacha kuamini namba zote kwa pamoja. Sikumwambia daktari. Niliwanong'oneza wagonjwa. Mtu akitoka kwa daktari na karatasi yake ya dawa, akipita dirisha langu, nilimwambia polepole, "Kapumzike, mama, hiyo ni chai yako tu." Nilijiona mkombozi.

Ndipo akaja Kilonzo. Alikuwa mchongaji, ana banda na wenzake upande wa Shauri Moyo, wanachonga twiga na vifaru vya kuuzia watalii. Tulikuwa jumuiya moja kanisani, mimi na yeye na mkewe Mama Mwende, na mwiko ninaopikia ugali mpaka leo aliuchonga yeye. Ana miaka arobaini na minne, mwembamba kama fito, hanywi pombe wala havuti sigara. Alikuja kwa ajili ya kidonda cha mkono, akachomwa kidole kama wengine. Namba ikasema kumi na ushei. Daktari alikuwa akitaka isizidi tano.

Daktari akamwandikia statini. Kilonzo akapita dirishani kwangu ameshika karatasi kama mtu aliyeletewa samansi.

"Mama Njeri, hii dawa ni ya nini?"

"Asubuhi ulikunywa chai?"

"Nilikunywa."

"Basi ni biashara ya watu, Baba Mwende. Usijisumbue."

Akaikunja ile karatasi mara nne, akaitia mfukoni, akaenda zake. Nilisema kwa mdomo huu, na sikuwa nimeona hata tone la maji ya damu yake.

Wiki ya tatu, jumuiya ilisali nyumbani kwangu. Ilikuwa majira ya mvua, na udongo wa Donholm mnaujua, kwa hiyo viatu vyote viliachwa mlangoni. Tulipiga magoti kwa rozari. Macho yangu yalipaswa kuwa yamefumbwa, Mungu anisamehe, lakini upepo uligonga dirisha nikayafumbua. Mbele yangu kulikuwa na Kilonzo, amepiga magoti amenipa mgongo, soksi zake zimeshuka. Nikaona visigino vyake. Mshipa wa nyuma ulikuwa mnene kama kamba ya ng'ombe, una vinundu, kushoto na kulia. Salamu Maria zilizobaki sikuzisali. Nilimwona Barasa na yule mwalimu wake mwembamba.

Wakati wa chai nikakaa karibu naye, nikamuuliza ameumia wapi miguu. Akasema hajaumia, vinundu hivyo ni vya ukoo. "Kaka zangu wote wawili walikuwa navyo." Nikauliza kaka zake wako wapi. Akaangalia kikombe. Muthiani, mkubwa wao, alianguka shambani na jembe mkononi, ana miaka arobaini na sita. Nzioka alikufa ana thelathini na tisa, jioni ya siku aliyokula chakula cha mchana kwa mke wa baba yao mdogo. "Na sisi tunajua ni nani," akasema Kilonzo. "Kikulacho ki nguoni mwako." Nikakiweka kikombe changu chini.

Jumamosi nikaenda bandani kwake. Kuna nyundo, tezo, vumbi la mti, na wanaume wanacheka kwa Kikamba. Kilonzo alikuwa anachonga shingo ya twiga. Kila baada ya mapigo kadhaa alisimama, akajisugua kifua kwa kiganja, akaendelea. Nikamuuliza hicho ni nini. Akasema kiungulia.

"Baba Mwende, nilikukosea," nikamwambia. "Nilisema ni chai bila kuangalia damu yako. Nataka kuipima tena, kwa njia ya zamani, mimi mwenyewe."

Hakuacha kuchonga. "Mwezi uliopita mwongo alikuwa daktari. Leo ni wewe. Kesho atakuwa nani?"

Nilistahili. Nikamweleza habari ya vinundu, kwamba ni mafuta yaliyojikusanya, na kwamba mafuta hayohayo yanaziba mishipa ya moyo. Akacheka kicheko kikavu. "Mama Njeri, sisi tumelelewa kwa muthokoi, mahindi ya kukoboa na maharagwe. Nyama tulikula Krismasi. Hayo mafuta kaka zangu wangeyatoa wapi?"

"Hayatoki kwa sufuria. Mwili wenyewe unayatengeneza na unashindwa kuyaondoa. Mtu anazaliwa hivyo. Inapita kwenye damu ya ukoo."

Hapo tezo ikasimama. Mchongaji wa kando yake akageuka kutazama.

"Unataka kusema haikuwa mtu," akasema.

"Haikuwa mtu."

"Basi usiniambie hivyo ovyo." Sauti yake ilishuka. "Tulienda kwa mganga, akamtaja mama mdogo, yule aliyempikia Nzioka. Tulimfukuza. Mjane, Mama Njeri. Kitanda chake mimi ndiye niliyekibeba nikakitoa nje, na mvua ilikuwa inanyesha. Sasa wewe unipime, ikawa ni damu, nitapeleka wapi uso wangu?"

Mimi nilikuwa nimekuja kugombana na woga wa sindano, au woga wa dawa ya maisha yote. Sikujua nagombana na kitanda. Nikamwambia nililokuwa nalo. "Utaupeleka ukiwa hai. Muthiani alikufa na arobaini na sita. Wewe una arobaini na nne." Akarudi kwenye shingo ya twiga. Nikaondoka nikijua kwamba akikataa, mimi ndiye niliyemfundisha kukataa.

Jumatatu asubuhi akaja, na mkewe nyuma yake kama askari. "Hajanywa kitu," akasema Mama Mwende. "Majani ya chai niliyaficha jana jioni, na paketi nimekuja nayo." Kweli aliitoa kwenye mkoba akanionyesha.

Nikafunga mkono wa Kilonzo kwa mpira. Hapa sikilizeni vizuri: ukishapata mshipa na damu imeanza kuingia, legeza mpira upesi. Ukiuacha umekaza huku unapiga hadithi na mgonjwa, damu inakuwa nzito pale mkononi na mafuta yatasomeka juu kuliko yalivyo. Kwa hilo nalo Barasa alinipigia kelele. Nikatoa damu, nikaiacha igande, nikaizungusha. Nikatoa gazeti kwenye droo. Sikulisoma mimi. Nilimpa Kilonzo ile tyubu, nikamwambia asome.

Akaiinua mbele ya karatasi, akakaza jicho. "Plot... inauzwa... Kitengela," akasoma.

Mimi asubuhi hiyo nilikuwa nimekunywa chai ya maziwa kwa makusudi, na mandazi ya kuisindikiza. Nilikuwa nimejitoa damu kabla hawajafika. Nikampa tyubu yangu. Akaiweka palepale kwenye Kitengela, akaigeuza huku na huku, asione hata herufi. "Hii ndiyo chai," nikamwambia. "Ile ya kwako sio."

Kisha nikafungua chupa mpya ya kipimo cha kulinganishia, maji ambayo kiasi cha mafuta yake kinajulikana, kwa sababu ile ya zamani ilikuwa imekaa kwenye friji moja na soda za daktari, na umeme ulikuwa unapotea kila siku. Kipimo kikiharibika, kila mgonjwa anaonekana mgonjwa zaidi. Nikapima damu ya Kilonzo mara tatu. Kumi na ushei, kumi na ushei, kumi na ushei. Kile kimashine cha Felix kilikuwa kimesema kweli tangu siku ya kwanza. Nawaambia wazi, iliniuma.

Nilipeleka majibu kwa daktari, nikakiri na ile minong'ono yangu ya dirishani. Nilidhani atanifukuza. Akavua miwani, akaifuta kwa tai. "Mama Njeri," akasema, "katika kliniki hii unamshuku kila mtu isipokuwa mmoja." Nikamuuliza ni nani. Akasema, "Mama Njeri." Halafu akaniuliza kuhusu chai, na nikamwambia yote. Kimashine kikafungiwa kabatini, kila mtu akaambiwa arudi kabla ya kifungua kinywa, na wengi waliokuwa wameandikiwa dawa wakakutwa hawaihitaji. Kwa hiyo kwa hao sikuwa nimekosea kushuku. Nilikosea kuchoka kuangalia. Saa ya ukutani ya Felix iliendelea kutembea mbele kwa dakika tano, na sikuirekebisha.

Kilonzo alikaa na ile dawa ndani ya nyumba wiki nzima bila kuimeza. Mama Mwende aliniambia alikuwa akiiweka mezani baada ya chakula cha jioni, anaitazama, anairudisha kwenye paketi. Siku ya nane akaimeza. Na mwezi wa pili mikono ikaanza kumuuma, kuanzia mabegani hadi kwenye vidole, hata tezo akashindwa kuinyanyua. Alirudi amekasirika. "Mmeniokoa moyo mkachukua mikono. Mchongaji bila mikono ni nini?" Sikumwambia avumilie, wala sikumwambia aache. Nilijifunza. Nilimpeleka kwa daktari, nikatoa damu tena ikapimwa hali ya misuli kwenye maabara kubwa mjini, daktari akasimamisha dawa kwa wiki tatu, kisha akamrudishia nusu. Maumivu hayakurudi. Lakini mwezi ule alikuwa pia na oda ya vifaru vya mpingo, na mpingo ni mti wa kuvunja mtu. Mpaka leo sijui kama ilikuwa dawa au mpingo, na yeyote atakayewaambia anajua, muulizeni amejuaje.

Tangu hapo alikuja kila baada ya miezi mitatu. Namba ilikuwa imeshuka, si hadi pale daktari alipopataka, ila ilishuka, na kile "kiungulia", ambacho kumbe kilikuwa moyo, daktari alikipa dawa yake kikapungua. Kilonzo hakuwahi kuniamini tena kwa neno tupu. Alisimama kando yangu damu ikizungushwa, akaomba gazeti, akasoma kupitia tyubu, kisha ndipo akaniruhusu kuendelea. Wafanyakazi wengine walimwona msumbufu. Mimi sikumwona hivyo hata siku moja.

Miaka miwili na ushei ikapita. Siku moja akaja bila zamu yake, amevaa suti ya kanisani, akakaa kwenye kiti cha kutolea damu.

"Leo nimemzidi Muthiani siku moja," akasema. "Kwetu sasa mkubwa ni mimi."

Nikamshika mkono tu. Akaendelea, bila kunitazama, akiangalia ile saa ya Felix.

"Wiki iliyopita nilienda kijijini kwetu, Wamunyu. Nilichonga kitanda, cha mti mzuri, nikakipeleka kwa mama mdogo. Nilikibeba mwenyewe kutoka barabarani. Nikakiingiza ndani."

"Alisema nini?"

"Aliniuliza mbona nimechelewa hivyo." Akaitazama mikono yake. "Halafu akanipikia muthokoi. Nilikula sahani mbili, Mama Njeri, na nikalala palepale."

Nikageuka kutafuta mpira wa kufungia mkono, ingawa ulikuwa mbele yangu mezani, kwa sababu sikutaka anione machozi. Nilipogeuka tena alikuwa amekunja mkono wa shati na kuunyoosha.

"Haya, nipime," akasema. "Na chai sijanywa."